Nimepangiwa kambini binti mwenye mtindio wa ubongo na kifafa. Je, nafaa?

"Shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 23, nipo umoja wa vijana usharikani kwetu na nafundisha shule ya Jumapili. Mwezi wa saba tuna kambi ya siku 5 Lushoto, na mwaka huu kwa mara ya kwanza tunakwenda na vijana 9 wenye ulemavu, kila mmoja na msaidizi wake. Mimi nimepangiwa binti wa miaka 17. Ana mtindio wa ubongo, anatumia kiti mwendo, maneno yake hayaeleweki vizuri, anakula kwa kulishwa, na mama yake kasema huwa anaanguka kifafa japo siyo mara kwa mara. Nimekubali mbele za watu, ila nikirudi nyumbani silali. Naogopa atapaliwa mkononi mwangu. Kuna mama usharikani kaniambia akianguka nisiguse mapovu yake, nimtie kijiko mdomoni asing'ate ulimi. Mwingine anasema tukifunga na kukesha ile siku ya tatu huenda Bwana akamfungua, kwa hiyo nimwandae. Na mimi nina huruma sana, nikiwaona watu wa hivi huwa nalia. Je, nafaa kweli, au nimwambie mchungaji atafute mtu mwenye uzoefu?"

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijajibu ulichouliza, kuna kitu nimekiona katika swali lako. Umenieleza mama yake kasema nini, mama wa usharikani kasema nini, yule wa maombi kasema nini na mchungaji kapanga nini. Binti mwenyewe hajasema neno hata moja. Sikulaumu, ndivyo tulivyolelewa: mtu akiwa kwenye kiti mwendo, tunamuuliza anayekisukuma. Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, nimefanya kazi na watoto na vijana wenye mtindio wa ubongo kwa zaidi ya miaka 20, na bado kwenye kambi yangu ya kwanza nilimtoa kijana mmoja juani nikampeleka kivulini bila kumuuliza, nikajiona nimetenda wema. Kumbe alijiweka pale makusudi ili auone mpira vizuri. Ilimchukua karibu dakika nzima kunitamkia maneno mawili: "Nirudishe nilipokuwa."

Kwa hiyo nitakayokueleza hapa ni ya jumla. Jibu la mwisho la kila jambo analo yeye, akisaidiana na mama yake. Wiki mbili kabla ya safari, nenda nyumbani kwao Jumamosi ukae mlo mzima wa mchana. Usiende kupokea maelekezo mlangoni na kuaga. Kaa, utazame, kisha ujaribu mwenyewe mama akiwa pembeni.

Mtindio wa ubongo ni jeraha lililoupata ubongo ulipokuwa bado unakua: mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo. Kukosa hewa kwa uchungu uliochelewa, kuzaliwa njiti, manjano kali ya siku za kwanza isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, hivyo ni baadhi ya visababishi. Jeraha lenyewe haliongezeki, wala mtu hawezi kumwambukiza mwenzake. Kinachobadilika ni mwili unaobebeshwa misuli isiyopokea amri sawasawa: inakakamaa, inajikunja, inacheza bila kuagizwa.

Na ulimi nao ni msuli. Midomo, taya, koo, mbavu zinazosukuma hewa ya kutolea sauti, vyote vinaendeshwa na misuli hiyohiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na akili timamu kabisa, anafuata mahubiri neno kwa neno na kugundua kwamba mhubiri kakosea sura na mstari, na bado akashindwa kutamka "maji". Mate yanamtoka kwa sababu hamezi mara nyingi kama wewe unavyomeza bila kujua. Wapo pia wenye mtindio ambao akili zao zimeguswa, hilo ni kweli, lakini hutalijua kwa kumtazama usoni. Anza kwa kudhani anaelewa yote. Ukikosea kwa upande huo, hakuna aliyeumia. Ukikosea upande wa pili, utakuwa umemsema mtu mbele yake kwa siku tano akisikia kila kitu.

Kuhusu maneno yake: muulize "ndiyo" yake ikoje. Wengine wanaangalia juu, wengine wanatabasamu, wengine wanapiga mkono kwenye meza ya kiti. Ukishaijua "ndiyo" na "hapana" tayari mnaongea. Kama ana ubao wa picha au wa herufi, usafiri nao. Ubao uliosahaulika nyumbani ni sawa na kuuacha ulimi wake nyumbani. Uliza swali moja, kisha nyamaza. Hesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujaongeza neno. Sisi tuliozoea kusema haraka tunaona ukimya wa sekunde nne ni kushindwa, tunamrukia na sentensi ya pili wakati yeye bado anaandaa jibu la ile ya kwanza. Usimmalizie sentensi. Na usipoelewa, mwambie, "Sijaelewa, naomba urudie." Kuitikia "ee, ee" huku hujaelewa wanaigundua mara moja, nao wanatudharau kwa hilo, kwa haki kabisa.

Sasa chakula, kwani hofu yako hapa ina msingi.

Chakula na hewa vinapita njia moja mpaka kooni, kisha njia zinagawanyika: moja kwenda tumboni, nyingine mapafuni. Kila unapomeza, kifuniko kidogo kinaziba njia ya hewa kwa muda mfupi tu, tonge likapita, kikafunguka. Ubongo ndio unaopanga muda huo. Kwa mwenye mtindio, amri inaweza kuchelewa kidogo, na katika kule kuchelewa maji au chakula kikateleza upande wa mapafu. Ndiyo maana chai na maji vinaweza kumsumbua kuliko uji mzito: kimiminika kinakimbia kuliko koo linavyoweza kujifunga. Na ndiyo maana kosa kubwa kuliko yote, ambalo utaliona kwa watu wenye mapenzi mema kabisa, ni kumwinamisha mtu kichwa nyuma ili "kishuke vizuri". Kichwa kikienda nyuma njia ya hewa inakuwa wazi zaidi. Unamwagia mapafuni.

Mketishe wima, makalio yamefika mwisho wa kiti, miguu imeegemea mahali, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Wewe kaa mbele yake, macho yenu yawe usawa mmoja. Ukimlisha umesimama, atakutazama juu, na kichwa kitarudi kulekule nyuma. Tumia kijiko kidogo cha chuma. Vile vya plastiki vyepesi achana navyo, kwa sababu wengine taya zao hufunga ghafla kijiko kikigusa meno, na plastiki itavunjikia mdomoni. Akikiuma usivute, ukivuta taya linabana zaidi. Subiri, litaachia lenyewe. Weka kiasi kidogo, ngoja ameze, hakikisha mdomo mtupu, ndipo uongeze. Mtori uliopondwa vizuri, viazi vya kuponda, ugali laini uliolowana mchuzi, hivyo vinaenda. Wali mkavu unatawanyika punje punje mdomoni na ni mgumu kuukusanya. Karanga, bisi na vipande vya nyama waachie wengine, isipokuwa mama yake amekuonyesha vinginevyo. Akimaliza abaki wima nusu saa.

Mlo kama huo unaweza kuchukua dakika 45. Ratiba ya kambi, nakisia, imeandika dakika 30 kisha kipindi cha nyimbo. Mwambie mchungaji mapema kwamba ninyi wawili mtaanza kula kabla ya wengine au mtaingia kipindini mmechelewa. Kupaliwa kwingi nilikokuona kwenye kambi kulitokana na kengele.

Akikohoa, mwache akohoe, kikohozi ni mlinzi wake. Mwinamishe mbele kidogo na usimpe maji. Akishindwa kabisa kutoa sauti wala kupumua, hapo ni makofi matano ya nguvu katikati ya mabega, kisha kubana tumbo mara tano kwenda ndani na juu, mkirudia huku mwenzako akiita msaada. Hili usijifunze kwenye maandishi yangu. Mwombe nesi wa zahanati iliyo karibu nanyi awafundishe wasaidizi wote kwa mikono, saa moja inatosha. Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: kuna wanaopaliwa kimyakimya, bila kukohoa. Dalili ni sauti kuwa kama ina maji ndani baada ya kula, macho kulengalenga, pumzi kwenda mbio, au historia ya nimonia ya mara kwa mara. Mama akikuambia binti amelazwa kwa nimonia mara mbili mwaka huu, arudi naye kliniki kabla ya kambi wakamwangalie anavyomeza.

Kifafa. Mama wa usharikani amekupa mashauri mawili na yote mawili si sahihi. Mapovu ni mate yaliyochanganyika na hewa kwa sababu mtu hamezi na taya linacheza. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, hakiambukizi kwa mate, kwa pumzi wala kwa kugusana. Imani hiyo imeumiza watu wengi. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, ambako kifafa ni kingi kuliko kawaida, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na miongoni mwa aliowakuta walikuwa watu wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameanguka kwenye mafiga, na waliokuwa karibu wakaogopa kuwagusa.

Kijiko nacho kinavunja meno na kuziba hewa. Ulimi hauwezi kumezwa. Ukiumwa, kidonda cha ulimi kinapona. Degedege likimjia, kazi yako ya kwanza ni kutazama saa. Akiwa kwenye kiti mwendo na amefungwa mkanda, funga breki, umwache hapohapo, ushike kichwa kisigonge na kisiangukie nyuma. Mtoe kwenye kiti pale tu ambapo mdomoni kuna chakula au anashindwa kupumua. Akiwa chini, ondoa vitu vya kumgonga, weka kanga chini ya kichwa, na mtikisiko ukilegea mlaze ubavu ili mate yatoke nje. Usimkandamize, usimmwagie maji, usimnyweshe kitu mpaka fahamu zimemrudia kabisa. Degedege nyingi huisha zenyewe ndani ya dakika mbili tatu. Ikifika dakika tano haijaisha, au imekuja ya pili kabla hajarudiwa na fahamu, au ameumia, gari liwashwe. Hapo hatusubiri kuona. Akizinduka atakuwa amechoka, amechanganyikiwa, pengine amejikojolea. Mfunike kanga, watu waondoke, umwambie ni saa ngapi na mko wapi.

Lakini kuzuia ni bora, na hapa ndipo napata wasiwasi na ile siku yenu ya tatu.

Vichochezi vikubwa vya kifafa ni viwili: kukosa dawa na kukosa usingizi. Mkesha unamnyima usingizi, mfungo unavuruga dawa na chakula. Mkimwandalia vyote viwili kwa siku moja, mnamwandalia degedege, tena mbele ya watu walio tayari kusema ni pepo limefumuka. Nimeshaona hivyo, usharika siutaji. Dawa za kifafa kama fenobabitoni au kabamazepini zinafanya kazi kwa kubaki kwenye damu kwa kiwango kilekile siku zote, na kuzikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo zinazoua. Kwa hiyo hata mtu akisimama madhabahuni akatangaza kwamba binti ameponywa, kidonge cha jioni anameza. Kama amepona kweli, daktari atathibitisha na kumpunguzia dozi polepole. Uponyaji hauharibiwi na kidonge. Andika muda wa dawa kwenye karatasi, uibandike ndani ya kifuniko cha begi lake, uweke alama kila anapomeza. Mkeshani muulize anataka nini. Anaweza kuja saa ya kwanza, ya sifa, kisha mkaenda kulala. Wewe nawe ulale, maana kesho yake mikono inayomlisha ni yako.

Kuhusu maombi yenyewe, mimi ni Mkristo na siombi watu waache kuomba. Ninachokuomba ni ruhusa yake. Yesu alipoitwa na Bartimayo, kipofu ambaye shida yake kila mtu aliiona, bado alimuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Ipo katika Marko 10. Nasi tunamsukuma mtu mbele bila kumuuliza, tunamshika kichwa watu sita, na asiposimama tunamwachia yeye au mama yake mzigo wa kukosa imani. Binti wa miaka 17 mwenye mtindio, aliyelelewa kanisani, huenda ameombewa hivyo mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Swali la dhambi ya nani, yake au ya wazazi, wanafunzi waliliuliza katika Yohana 9 wakajibiwa papo hapo: si yake wala ya wazazi wake. Muulize faraghani, siku moja kabla: "Kesho kuna maombezi. Ungependa kuombewa? Uombewe jambo gani?" Usishangae akikujibu mtihani, au bibi yake, au mvulana fulani wa kwaya.

Na kitu kingine kinachohusiana na hili. Wengi wenye mtindio hushtuka kupita kiasi kwa kelele ya ghafla. Spika ikilia, mtu akipaza "Haleluya!" nyuma yake, mikono inaruka, mgongo unajinyoosha, kichwa kinageuka upande, anaweza hata kutoa ukelele. Ni mshtuko wa kawaida ambao ubongo wake haujauzuia. Mweke mbali na spika, na umweleze mapema anayeongoza ibada. Nimeona mtu akikemewa pepo kwa sababu ya spika iliyopiga mluzi.

Kuoga na chooni ni jambo ambalo hukuliuliza, ila nadhani unaliwaza. Anayemwogesha awe mwanamke, na mwanamke wa pili awe karibu, anasikia ingawa hatazami. Hilo linamlinda yeye na wewe pia. Mwambie kila hatua kabla ya kuifanya: sasa nakuosha mgongo, sasa nainua mguu. Anachoweza kukiosha mwenyewe akioshe, hata kama kinachukua muda. Funika sehemu usiyoiosha. Muulize mama kuhusu hedhi kabla, siyo siku yenyewe. Hakuna simu bafuni, na hakuna picha yake mtandaoni bila yeye kukubali, hata iwe ya kugusa mioyo.

Niseme wazi sababu. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2012 ulikuta watoto wenye ulemavu wanafanyiwa ukatili mara 3.7 zaidi ya wenzao wasio na ulemavu. Takwimu zake nyingi zilitoka nchi tajiri, lakini sioni kwa nini kwetu pawe na nafuu. Wala sifa ya utakatifu si ulinzi. L'Arche, zile jumuiya zilizoanzia Ufaransa mwaka 1964 ambamo watu wenye ulemavu wa akili na wasio nao wanaishi nyumba moja, zilitufundisha wengi wetu maana ya kukaa pamoja badala ya kuhudumia kutoka juu. Mwaka 2020 L'Arche yenyewe ilitangaza kwamba mwanzilishi wake, Jean Vanier, aliwadhulumu kingono wanawake wasiopungua sita, wasio na ulemavu, chini ya kivuli cha ushauri wa kiroho. Kwa hiyo kambini kwenu asiwepo mtu, awe mchungaji au mhubiri mgeni, anayebaki peke yake na kijana nyuma ya mlango uliofungwa. Ukiona au ukiambiwa jambo, mweleze kiongozi unayemwamini, na namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni ya bure. Usianze uchunguzi wako mwenyewe, na usimwahidi binti kwamba hutamwambia mtu.

Mengine nitayapita haraka. Barabara ya Mombo kupanda Lushoto ina kona nyingi, kwa hiyo ale mapema, saa moja au mbili kabla ya kuanza kupanda, na akitapika muda mfupi baada ya dawa mpigie mama au kliniki kabla ya kurudia kidonge. Mwezi wa saba kule juu ni baridi, na baridi inakaza misuli. Soksi, sweta, blanketi la ziada, maji ya kuoga ya moto uliyoyapima kwa kiwiko chako. Kiti kikiteremka mlima kiende kinyumenyume, wewe ukiwa upande wa chini. Kumhamisha kutoka kitini ni kazi ya watu wawili, na kamwe usimvute mikono: bega lake linaweza kuteguka. Mwili ukikakamaa usishindane nao, kunja nyonga na magoti taratibu, subiri ulegee. Kila jioni tazama makalio na visigino. Wekundu usiopotea baada ya nusu saa ni kidonda kinachoanza, na hapo asikalie sehemu hiyo mpaka nesi auone.

Nije kwenye machozi yako. Kulia si dhambi, ila uangalie unalilia nini. Wengi wetu siku ya kwanza tunalia kwa kujiwazia sisi kwenye kile kiti. Yeye hajiwazii hivyo. Ana miaka 17 ya maisha yake, ana anaowapenda na anaowachukia, na leo pengine kinachomkera si miguu, ni kaka yake aliyempa simu nusu saa kisha akaichukua. Ukizidiwa, mwambie msaidizi mwenzako akae naye dakika kumi, utoke nje, ulie, unawe uso, urudi. Asipewe kazi ya kukufariji. Huruma hiyo utaona inapungua siku ya pili, mkishaanza kucheka pamoja au kugombana kidogo. Hiyo ni dalili njema.

Ndiyo maana naomba umtafutie zamu. Ukitazama ratiba ya kambi, kila kijana ana zamu: kuosha vyombo, kuongoza nyimbo, kusoma neno, kukaribisha wageni. Hakikisha jina lake limo, na siyo zamu ya huruma, yaani ile ya kumweka mbele watu wampigie makofi kwa sababu amekuwepo. Meza ya kiti chake inabeba vitabu vya nyimbo. Anaweza kuvigawa mlangoni wewe ukisukuma tu kule anakokuelekeza. Anaweza kuchagua nyimbo za jioni kwa ubao wake, na kwaya ikasubiri achague. Anaweza kuongoza sala ya chakula kwa sauti yake mwenyewe, isiyoeleweka na nusu ya ukumbi, na ukumbi ukaitikia Amina. Uji utapoa. Musa alikuwa mzito wa kusema, akapewa Haruni wa kumsemea, na hakuna mahali tunaposoma kwamba Haruni ndiye aliyepelekwa kwa Farao na Musa akabaki hemani. Wewe mwaka huu una nafasi ya Haruni, ukiangalia usije ukaivimbisha.

Sasa, unafaa? Kwa uliyonieleza, ndiyo. Uzoefu ni jambo jema, lakini nimefanya kazi na watu wenye uzoefu wa miaka mingi ambao hawajawahi kumuuliza mtu anataka kula nini. Wewe unaogopa, kwa hiyo utakuwa makini. Lakini kufaa kwako peke yako hakutoshi, na hapa nitakuwa mkali. Muulize mchungaji mambo manne: kuna nesi atakayelala kambini? Kuna gari na dereva usiku kucha? Hospitali mtakayokimbilia ni ipi, na kuna aliyeongea nao? Je, kuna msaidizi wa pili wa kukupokea ili ulale? Kama jibu ni "Bwana atatenda" kwa yote manne, kataa, na ukatae kwa sauti ile ile uliyokubalia mbele za watu. Kambi isiyo na gari usiku haijawa tayari kumpokea mtu mwenye kifafa, na kusema hivyo si kukosa imani. Afadhali mwende siku mbili mahali penye zahanati jirani kuliko siku tano mlimani mkiomba kusitokee kitu.

Kwa bahati nzuri mmechagua eneo ambalo si geni kwa mambo haya. Irente, karibu kabisa na mji wa Lushoto, kanisa lina shule ya wasioona ya miaka mingi, na pale Magamba chuo kimoja kilijenga jina kwa kufundisha walimu wa elimu maalumu. Mchungaji akiomba mwalimu mmoja aje nusu siku kuwaelekeza wasaidizi 9, sidhani kama atanyimwa. Kama miongoni mwa vijana wenu yupo kiziwi, huyohuyo mwalimu anaweza kuwasaidia kumpata mkalimani wa lugha ya alama. Msimtegemee dada yake wa miaka 12 kutafsiri mahubiri ya siku tano.

Yapo ambayo siwezi kukuamulia kutoka huku: uzito wa uji wake, kama mkanda wa kiti unamkaa sawa, kama dozi ya dawa inalingana na uzito wake wa sasa. Mtoto aliyepimwa dozi akiwa na miaka 13 huenda leo ana kilo 15 zaidi. Ongozana na mama na binti kwenye kliniki yake ijayo, kabla ya mwezi wa saba. Utasikia maelezo kwa masikio yako, na yeye atakuzoea mahali ambapo hakuna spika.

Na siku ile ukienda kwao Jumamosi, kabla hujashika mpini wa kiti wala kumsalimia mama yake kwa kirefu, simama mbele ya binti. Yeye ana 17, wewe 23, kwa hiyo shikamoo inatoka kwake. Ingoje. Inaweza kuchukua nusu dakika, mama anaweza kutaka kuitoa kwa niaba yake. Ingoje tu, kisha uitikie marahaba.